Naomba ushauri: Masalafi na Ash'ari wa Syria baada ya Assad

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimepewa mada ya darsa: Masalafi (wanaopokea sifa za Mwenyezi Mungu kama zilivyo kwenye maandiko) na Ash'ari (wafuasi wa Imam Abul-Hasan al-Ash'ari katika itikadi, ambao wengi wao huzifasiri) nchini Syria tangu Rais Bashar al-Assad aanguke Desemba 2024. Nimekwama.

Machi 2025 Rais Ahmed al-Sharaa, aliyetoka kambi ya kijihadi ya Kisalafi, alimteua Sheikh Osama al-Rifai kuwa Mufti Mkuu, cheo ambacho Assad alikifuta 2021. Sheikh huyu ni wa Damascus, Mshafii mwenye mizizi ya Kisufi, yaani wa upande wa Ash'ari. Ramadhani ya 2011 vikosi vya Assad vilimjeruhi msikitini kwake.

Mimi naona uteuzi huu ni hesabu za siasa zaidi ya mapatano ya itikadi. Wenye kufuatilia, nianzie wapi: tofauti kuhusu sifa za Mwenyezi Mungu, au nani anashika mimbari? Na nifanyeje ukumbi usigeuke ubishi wetu wa maulidi?