Naomba ushauri: boksi la sabufa nyuma ya kiti cha pikapu

MpendaBesi: Ndugu zangu, natengeneza boksi la sabufa (spika ya besi) ya inchi 10, litakalokaa nyuma ya kiti cha pikapu yangu. Karatasi ya spika inataka lita 25 kwa boksi lililozibwa na lita 40 kwa lenye bomba la hewa. Langu lina lita 42, hivyo nimechagua la bomba. Je, nilipake rangi au nilivishe zulia?

Randa: Zulia, maana linaficha maungio mabaya. Boksi langu la kwanza nililipigilia misumari bila gundi, likawa linapuliza kila besi ilipogonga, nami nikailaumu amplifaya wiki mbili nzima ilhali hewa ilikuwa inavuja pembeni.

BabaWawili: Kijana, katika nafasi ndogo kama hiyo, muziki utakuwa mgongoni mwako. Yafikirie masikio yako.

Kipimo: Zulia baadaye. Tupe vipimo.

MpendaBesi: Upana sentimita 100, kimo 30, kina 18 chini na 10 juu, yaani wastani wa 14. Ni vya nje, lakini tofauti ni ndogo. Tafadhali msiniambie nianze upya, kwa sababu mbao zimeshagundishwa, na jana nilijaribu sabufa ikapiga vizuri.

Kipimo: Tofauti si ndogo hata kidogo. Ikiwa mbao zako za MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa) ni za milimita 18, kila kipimo kinapungua sentimita 3.6, kwa hiyo ndani zinabaki takriban lita 26, kabla hujaondoa nafasi inayochukuliwa na spika na bomba. Lizibe tu, ndugu yangu.

MpendaBesi: Bomba nimeshalinunua, na besi yake hushuka chini zaidi.

Shakashaka: Hushuka likiwa na lita zake. Mimi naona pikapu hii haipo. Sabufa hiyo ina kina gani?

MpendaBesi: Sentimita 15.

Shakashaka: Katikati ya ubao wako wa mbele, hata tukihesabu unene wa ubao wenyewe, kuna sentimita 12 na ushei. Hiyo iliyopiga vizuri jana iliingia wapi?

MpendaBesi: Pikapu ipo, mkuu. Niliongeza pete mbili za MDF ili spika isogee mbele. Ni kweli kwamba egemeo la kiti halishiki tena kwenye ndoano yake, lakini nimelifunga kwa mkanda wa mizigo, na halisogei isipokuwa ninapofunga breki.

BabaWawili: Basi niliyosema kuhusu masikio nayaondoa. Usiendeshe gari hilo kabla egemeo halijashika.

Randa: Na koni ya spika, ile sehemu inayotetema, nayo hucheza mbele na nyuma, itagonga kiti.

Kipimo: Toa pete, tafuta sabufa ya kina kifupi, na liache boksi bila bomba.

MpendaBesi: Nawashukuru, ila kwa sasa sina uwezo wa kununua sabufa nyingine. Je, pete moja haiwezi kutosha?

Shakashaka: Kumi na mbili na ushei, jumlisha moja na nukta nane. Bado imepungua sentimita moja.