Mdomo wa hewa wa mbele kwenye pikipiki za mbio: nguvu au mapambo?

Pistoni_Kavu: Wakuu, tumalize hili. Upepo wa mwendo unaingia kwenye tundu la mbele karibu na taa, unasukumwa hadi kwenye boksi la hewa, injini inashiba. Kawasaki wanaandika namba mbili za nguvu: ZX-10R ya 2021 ni PS 203 (PS ni nguvu za farasi), Ram Air, yaani huo mfumo wa mdomo wa mbele, ikifanya kazi ni 213. Nani bado anabisha?

Gia ya Sita: Mimi. Presha ya upepo inapanda kwa mraba wa mwendo. Ukiwa kilomita 100 kwa saa unapata kama nusu asilimia juu ya presha ya kawaida. 200, haifiki asilimia 2. 300 ndiyo unagusa 4. Na hicho ni kikomo cha juu, kabla bomba halijapoteza presha kwenye kona zake. Hizo PS 10 ziko mwisho wa spidi, kwa mtu wa kilomita 80 hazipo. Wenye kabureta ndiyo wasijisumbue kabisa.

Jeti120: "Wasijisumbue kabisa"? Unaandika kwa uhakika kitu usichokijua. ZZR1100 ya Kawasaki ilikuja na mfumo huu juu ya kabureta nne, mwaka 92 hivi.

Pistoni_Kavu: 1990.

Jeti120: Sawa, 1990. Siri ni vipumulio vya chemba za floti, vile vibakuli vya petroli vya kabureta: viunganishwe na boksi la hewa, visiachwe nje. Ukiviacha nje, boksi lina presha lakini juu ya petroli kuna hewa ya kawaida tu, kwa hiyo ile tofauti ya presha inayovuta petroli kwenye jeti, kitundu cha kupimia petroli, inapungua. Unavyozidi kukimbia ndivyo mafuta yanavyopungua, mpaka plagi zinatoka nyeupe na kichwa cha pistoni kinaungua. Watu wanakimbilia jeti kubwa, halafu mwendo mdogo inatoa moshi mweusi na lawama zote zinaenda kwa mfumo.

Gia ya Sita: Na petroli itashukaje? Ukitia presha kwenye chemba, kwa kilomita 200 inaweza kuzuia petroli yenye kimo cha sentimita 25. Tangi lenyewe halijainuka hivyo.

Jeti120: Kwa pampu. Nimeandika wapi kwamba pampu haihitajiki? Soma kabla ya kujibu.

Mzee wa Filta: Mnagombania floti na boksi linavuja. Pima presha ya boksi: chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje umbo la U, tia maji ya rangi. Ncha moja ndani ya boksi, nyingine chini ya kiti pasipopigwa upepo, kamera ndogo isome badala yako. Kwa kilomita 100 maji ya pande mbili hayawezi kupishana kimo zaidi ya milimita 47 hivi. Yakipishana 10, kagua gasketi ya kifuniko na pale bomba linapopenya fremu. Halafu kuna joto: ukivuta hewa ya nyuma ya rejeta, nayo ikizidi ya nje kwa nyuzi 10, umepoteza asilimia 3 ya uzito wake. Hiyo inapita faida yote ya kilomita 200, na unaipoteza hata ukitembea polepole.

Gia ya Sita: Jeti120, hujamaliza. Vipumulio vinaunganishwa kabla ya filta au baada?

Jeti120: Baada, upande wa hewa safi. Ukiunganisha kabla, filta ikianza kuziba, presha kwenye koo la kabureta inashuka, ya chemba inabaki juu, na petroli inazidi.