Maboga yanadondoka, nipande ua gani la kienyeji lilete nyuki?

MamaWawili_Nzuguni
Wakuu habari za jioni. Mwaka jana nilipanda maboga nyuma ya nyumba hapa Dodoma, maua kibao ila viboga vikifika saizi ya limao vinageuka njano vinadondoka, nikaambiwa nyuki hamna. Msimu huu nataka ua la hapahapa linaloota na mvua, maana yale ya vitalu vya barabarani nimenunua mara 2 yote yamekauka na bili ya maji naijua mwenyewe. Lipi linavuta nyuki kweli?

MgogoHalisi
Dada hilo ua unalila kila siku 😄 Mlenda! Ule wa pori, sisi tunaita ilende. Usipouchuma wote unatoa maua ya zambarau iliyopauka kama vikengele, nenda asubuhi kaangalie, nyuki anazama mzima unabaki kuona makalio tu, akitoka mgongo umejaa unga. Mvua za Desemba zikishakolea kwatua juujuu, mbegu changanya na mchanga mkavu maana ni ndogo mno zitarundikana sehemu moja, usifukie sana. Vitumba vikikauka vinapasuka vyenyewe, mwakani vinajiotea. Ila usiende sokoni Majengo ukanunua ule mkavu ukadhani kuna mbegu, yale ni majani matupu.

Kibarua2
Ongeza mgagani, unawahi kutoa maua. Mbegu zake usipande mbichi, mimi nilivuna Mei nikasia wiki ileile, kimya, nikajua nimeuziwa... kumbe zangu mwenyewe. Zilizobaki kwenye kopo Desemba zikaota kama majani ya porini. Na dawa ya wadudu piga jioni sio asubuhi, unaua haohao unaowaita.

MamaWawili_Nzuguni
Asanteni. Watoto hawataumwa jamani?

MgogoHalisi
Nyuki akiwa kwenye ua yuko kazini, usimkanyage wala kumshika basi. Wa kuogopa ni wa mzingani. Na huku unasubiri, saa 1 asubuhi chuma ua dume la boga lisugue ndani ya lile lenye kaboga kwa nyuma, ukichelewa mpaka saa 5 yameshafunga.

MamaWawili_Nzuguni
Nimempigia mama mkwe huko Bahi, mbegu za mlenda anazo kwenye kibuyu. Amecheka sana, kumbe mwaka jana alivyokuja kunitembelea aliniona naung'oa pembeni ya maboga akanyamaza.