Kikundi cha Ukoo: Chai ya Mjomba

Mama Salma, saa 1:10 asubuhi: Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba atakayesoma ajibu, asipite kimya. Alfajiri hii Mjomba alinyanyua kikombe kwa mkono wa kulia kikamponyoka, na chai aliyokuwa nayo kinywani ikamtiririka pembeni mwa mdomo. Alipotaka kusema, maneno yakatoka mazito kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Baada ya robo saa akarudi hali yake, akaomba chai nyingine. Hospitali hataki, anasema amepona.

Mama Salma, 1:16: Hajapona. Hicho ni kiharusi cha mpito: damu imezuiwa kwa muda kufika sehemu ya ubongo, kisha njia ikafunguka. Hatari ya kupata kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku mbili zinazofuata. Nani anatoa gari?

Baba Idi, 3:40: Nimesoma. Huenda ni upepo tu, maana amelala dirisha wazi.

Mama Salma, 3:41: Shemeji, upepo haumwangushi mtu kikombe. Mlio karibu naye mwambieni atabasamu, mtazame kama upande mmoja wa uso umelegea; ainue mikono yote miwili, mtazame kama mmoja unashuka; kisha aseme sentensi moja. Likitokea tena, angalieni saa ilipoanza na muondoke papo hapo, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, kwani ikiwa mshipa umepasuka dawa hiyo huzidisha kuvuja. Kabla ya picha msimpe aspirini, wala uji, asije akapaliwa.

Kaka Hamisi, 3:50: Mimi nikisema sentensi moja Baba Idi haielewi hata nikiwa mzima. Nami nipelekwe?

Da Rehema, 3:52: Na uso wako umepinda tangu ile harusi ya Korogwe.

Mama Salma, 3:52: Tafadhalini.

Da Rehema, 3:58: Nashangaa leo gari linatafutwa mapema. Marehemu Mama alipolegea mkono, siku tatu zilipita anafukiziwa ubani, na mimi niliyetaja hospitali nikaambiwa nimesoma sana. Gari lilikuwa uani.

Baba Idi, 4:03: Lile gari halikuwa na matairi, na jambo hilo lilizungumzwa likaisha kwenye arobaini.

Da Rehema, 4:03: Lilizungumzwa na nani?

Mama Salma, 4:07: Lisubiri. Mjomba ameacha dawa za presha tangu mfungo kwa sababu hajisikii kuumwa, ilhali presha haiumi mpaka imekwisha haribu. Juzi kipimo kilisoma 178 kwa 104, wakati kufika 140 kwa 90 tayari ni presha ya juu. Na chumvi Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, pamoja na iliyomo ndani ya ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, na achari.

Kaka Hamisi, 4:09: Ng'onda niachieni.

Bibi (anaandika mjukuu), 4:31: Nimezika mume na binti kwa maradhi haya haya, na mara zote mbili nilikuwa nimekaa kitandani mwao nikingoja watu wakubaliane. Mwanangu asipoondoka kabla ya adhuhuri, nitamshika mkono mwenyewe tupande basi.

Baba Idi, 5:02: Shikamoo Bibi. Gari naleta. Lina mafuta ya kufika Tanga mjini, ya kurudi sijui.

Mama Salma, 5:03: Marahaba nakupokelea, amelala kidogo. Nimeweka 50,000 kwa ajili ya picha. Nani mwingine?

Mama Salma, 6:20 mchana: Nimeuliza, nani mwingine?

Kaka Hamisi, 8:45: Nitatuma jioni.

Kaka Seif (Muscat), 2:05 usiku: Ndiyo kwanza naona. Amefika?

Da Rehema, 2:30: Amefika, amelazwa. Anauliza nani aliyesema habari za ng'onda.

Mama Salma, 2:31: Na kesho usiku analala naye nani?