Re: Mnawaambia nini wageni kuhusu mapipa?

Kutoka: Baba Imani, Dallas

Hamjambo ndugu zangu. Tangu baridi ile ya Februari 2021, umeme ulipokatika hapa Texas na mabomba yakapasuka, mimi na mke wangu tuliapa hatutakaa tena bila akiba. Sasa korido imejaa mapipa ya akiba: maji, mchele, maharage na betri. Kila mgeni anauliza. Nikisema ni akiba, kufikia Jumapili kanisa zima litajua. Nyinyi huwa mnasemaje?

Kutoka: Mama Nuru, Houston

Baba Imani, salama? Sisi tulisema ni mzigo wa kutumwa nyumbani kwa kontena la Mombasa. Nani kati yetu atashangaa kukuta mapipa ya bluu sebuleni? Tukaishi hivyo miezi miwili. Jumamosi moja shangazi mmoja wa chama chetu akabisha hodi, mkononi begi la viatu vya shule na magongo ya mama yake. "Mwanangu, nimesikia pipa lako halijajaa. Nitilie na haya."

Nilikosa la kusema. Begi nikalipeleka kwa wakala wa kontena na kulilipia mwenyewe, maana kule watoto walikuwa wanavisubiri vile viatu. Kwa hiyo usitafute kisingizio ambacho mtu atakitegemea. Jirani yangu Mmarekani nilimwonyesha sufuria letu la pilau ya harusi, nikamwambia tunapikia watu mia. Hajauliza tena.

Kwa maji, serikali inashauri galoni moja kwa kila mtu kwa siku, yaani karibu lita 4. Mchele na unga vikae kwanza kwenye friza siku 4, wadudu wafe, ndipo mfunge ndoo. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiwashwe ndani, hata dirisha likiwa wazi. Mwaka ule wa 2021 watu walikufa kwa gesi ya sumu isiyoonekana (kaboni monoksidi) hapahapa Houston.

Kutoka: Mama Salma, Minneapolis

Mie niongeze la dhahabu. Bangili za marehemu mama nilizifukia kwenye kopo la unga wa uji, nikaandika juu: "Dawa ya minyoo, chungu sana." Watoto hawakuligusa hata siku moja. Kisha nikalazwa hospitali wiki nzima, na mume wangu kwa wema wake akasafisha kabati, akatupa kila kilichozeeka. Dada yangu ndiye aliyelitambua kopo, limeshalala kwenye jaa chini ya maganda ya ndizi.

Mfiche mgeni, mfiche jirani, lakini awepo mtu mmoja anayejua. Pesa za mchezo (upatu) nazo zisikae koponi. Benki yenye bima ya FDIC, shirika la serikali ya Marekani, inazilinda hadi dola 250,000. Kopo likiibwa ndiyo basi.

Baba Imani, mkeo anajua ulipoweka hati zenu za kusafiria?