Mjadala: Madhara ya floraidi uzeeni, tumuulize panya au tumuulize babu wa Arumeru?

Mleta mada, Usa River
Wakuu, naleta hoja, mnipinge. Juzi kwenye kikao cha maji kijijini mtaalamu alituambia madhara ya floraidi, yale madini ya majini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, kwa wazee "bado yanachunguzwa kwa wanyama". Mbele yake amekaa baba yangu mdogo, miaka 71, shingo haigeuki. Ukimwita kwa nyuma anageuka mwili mzima, taratibu, kama mtu anayesogeza kabati. Amekunywa maji ya kijito kimoja tangu azaliwe.

Mlima Meru ni wa volkano, maji yanaichota floraidi kwenye miamba. Vyanzo vingine huku vinapita miligramu 10 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani linasema mwisho 1.5. Sisi vijijini tuliwahi kuwekewa kiwango cha muda cha 8, kikashuka 4, ndipo tukafika 1.5. Hiyo 8 haikutoka kwa panya, ilitoka kwenye kukosa maji mengine. Panya buku wa Morogoro wanaonusa TB nawaheshimu, ila kwa hili hela ziende kupima migongo na nyonga za wazee wetu.

Fundi Maabara
Pole na mzee, mkuu, lakini panya umemwonea. Baba mdogo amekunywa maji, sawa. Pia amekula magadi na amebeba mikungu ya ndizi miaka hamsini. Kipi kimemkakamaza shingo? Panya nampa chakula kilekile na banda lilelile kama mwenzake, nabadilisha maji tu. Marekani walifanya hivyo miaka 2 mfululizo, ambayo kwa panya ni karibu maisha yote, ripoti ikatoka 1990. Kati ya madume 80 ya dozi ya juu kabisa, 3 yalipata saratani ya mfupa. Waliokunywa maji matupu, hakuna hata mmoja. Kwa majike, na kwa panya wa aina nyingine yenye umbo dogo, hawakuona uhusiano, wakaandika wazi kwamba ushahidi wao una utata. Mzee wa kijijini hawezi kukupa jibu la namna hiyo.

Mleta mada
Dozi yenyewe je, mbona umeiruka? Sodiamu floraidi miligramu 175 kwa lita, ukitoa sodiamu inabaki floraidi kama 79! Halafu meno ya mbele ya panya yanaota mpaka siku anakufa. Ya mtoto wetu yakiharibikia ndani ya fizi ndiyo basi. Vijana wa huku wakienda chuo Dar wanajulikana kwao ni wapi wakicheka tu.

Mama Kiburu, Moshi
Na magadi je? Maharage ya kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage, bila magadi hayaivi leo. Mnatafuta floraidi kwenye bomba, na nyingine mnaitia wenyewe kwenye sufuria.

Fundi Maabara
Asante mama, ndicho ninachosema. Na dozi inapandishwa kwa sababu panya anaishi muda mfupi. Ila kuna jambo la uzee nisikilizeni: floraidi nyingi hutolewa mwilini na figo. Figo zikichoka, inabaki mwilini na kuhamia mifupani. Kijana na babu wakinywa kikombe kimoja, hawabaki na kiasi kimoja.

Mfugaji, King'ori
Mnahangaika, maabara iko zizini. Nina ng'ombe wa mzao wa tatu, meno yamesagika mpaka usawa wa fizi, anachagua majani laini kama bibi. Habebi ndizi huyo!

Fundi Maabara
Magadi halambi?

Mfugaji, King'ori
...Analamba.

Mleta mada
Hapo nimecheka peke yangu kwenye daladala. Basi nakubali kwa nusu. Lakini fundi, majaribio mengi hutumia wanyama vijana, kwa sababu kumfuga panya mpaka azeeke ni hela na muda. Kama mnataka kuniambia habari za uzee, chukueni maji ya kijito chetu chenyewe, si unga wa chupani, tieni na magadi, mwanzisheni akiwa mdogo mpaka figo zichoke. Na wakati huohuo wazee wapimwe, wasisubiri foleni nyuma ya panya.

Mama Kiburu, Moshi
Na leo huyo mzee anakunywa nini?

Mleta mada
Nilimwekea ndoo ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ule utaalamu wa kituo cha Ngurdoto. Wiki moja tu, nikakuta ndoo imegeuzwa stuli ya kukamulia. Anasema yale maji hayana ladha, na akishakunywa bado ana kiu.