Akodioni ya mtumba kutoka Ujerumani imefika mbovu: nirudishe, nitengeneze au niuze?

BintiMlandege
Assalaam alaikum wazee wa muziki, naomba mnishauri maana siku ya tatu leo silali vizuri. Kundi letu la taarab la kina mama tulichanga tokea Ramadhani tukapata euro 350, kama milioni moja ya kwetu hivi, tukampelekea dada yangu aloko Hamburg atununulie akodioni ya mtumba. Yeye muziki haujui, mie ndo nlokuwa nachagua kwa picha za simu. Tukaipata moja, vibonyezo 37 vya mkono wa kulia na besi 96 za mkono wa kushoto, nyekundu ya kumeremeta, muuzaji mtu binafsi na kaandika kwenye tangazo kuwa inalia yote, tuni iko sawa, imekaa nyumba isovutwa sigara. Dada akalipa, ikaja kwake kwa posta, akachungulia tu kuwa ipo kweli, akampa jamaa yetu alokuwa anarudi Unguja.

Juzi nimeifungua mbele ya wenzangu. Kwanza harufu, kama sanduku la nguo lilofungiwa masika mawili. Nikavaa mikanda nikafungua mvukuto, upepo unatoka pembeni fyuuu hata sijabonyeza kitu. Nikaanza do kwenda juu, vibonyezo vinne havilii kabisa, fa ukivuta inalia ukisukuma kimya, la ya kati inatetemeka. Na ukiinamisha unasikia kitu kinagongagonga ndani. Bi mkubwa wetu, ndo alotoa elfu hamsini ya mwanzo kabla ya mtu mwengine yeyote, aliniangalia tu akasema "haya mwanangu, tutafanyaje."

Njia nnazoziona ni tatu. Tuirudishe Ujerumani tudai pesa yote. Au tumdai arudishe sehemu ya pesa tuitengeneze hapa hapa. Au tuiuze kama ilivyo, tuongeze kidogo tununue kibodi. Tuna harusi tushakubali, imebaki miezi miwili. Mnaonaje?

kibodi255
Pole sana dada. Mi ningeenda na kibodi bila kufikiria mara mbili. Kwa milioni moja unapata ya mtumba yenye vibonyezo 61 na sauti ya akodioni imo humo humo, haitoki tuni, na mafundi wako kila kona. Kitu kimoja tu uwe makini, zile zinazotoka Japani moja kwa moja adapta yake ni ya volti 100, ukichomeka kwenye umeme wetu wa 230 imekwenda hiyo. Mimi niliunguza moja hivyo hivyo siku ya kwanza, nilikuwa nimeinunua asubuhi.

fidla_mzee
Wa alaikum salaam mwanangu. Kabla ya kuchagua njia yoyote, usiiguse tena. Usimpe fundi, usiifungue kwa bisibisi, usiipanguse hata ule ukungu. Nimeona watu wanapoteza haki yao hapo, wanatengeneza kwanza halafu ndo wanadai, na muuzaji anasema mafundi wako ndo walioiharibu.

Halafu jiulize lipi ni la safari na lipi ni la zamani, maana hilo ndo litaamua kila kitu. Muuzaji atakwambia ilikuwa nzima, imeharibikia kwenye ndege. Sasa sikiliza. Ndani ya akodioni kila kibonyezo kina vilimi vidogo vya chuma, kimoja kinalia ukivuta na kimoja ukisukuma, kwa hiyo hiyo yako ya vibonyezo 37 ikiwa ni ya sauti tatu, yaani kila kibonyezo kina jozi tatu za vilimi, basi upande wa mkono wa kulia peke yake vipo 222. Vimegandishwa kwenye mbao kwa nta ya nyuki ilochanganywa na rosini, na karibu kila kilimi kina kikanda chembamba cha ngozi cha kuziba upepo upande wa pili. Nta ikizeeka inakauka inapasuka, kibati kinachobeba vilimi kinachomoka. Huo ndo mgongano unaousikia ukiinamisha. Hilo linaweza kweli kutokea njiani kwa kutikiswa, ila nta nzima haiachii kwa safari moja, inaachia ile ilokuwa imekauka zamani.

Lakini kutu haiji kwa safari ya siku mbili. Ukungu hauji kwa siku mbili. Ngozi kujikunja kama jani kavu ni kazi ya miaka. Na angalia kile kitambaa cha sufu cha chini ya vibonyezo, kule kwao kuna nondo wanakula, ukiona matobo matobo hayo si ya ndege wala si ya posta. Fa yako inayolia upande mmoja ni kilimi kimeshika kutu au ngozi yake imeganda, ndo ugonjwa wa chombo kilokaa chini kwenye unyevu hakipigwi.

Jaribio moja unaweza kufanya bila kufungua. Ishike kwa mkanda wa juu, mvukuto umefunguliwa vifungo, uiache ining'inie bila kubonyeza chochote, na mtu arikodi video. Nzima inateremka polepole sana. Ikishuka pwaa mara moja, mvukuto unavuja. Video hiyo mpelekee.

Mswahili_Berlin
Mzee kasema yote ya chombo, mi niongezee ya huku. Dada yako alilipaje? Kama ni PayPal ya manunuzi ana siku 180 tangu alipolipa kufungua madai kwamba bidhaa hailingani na tangazo. Kama alituma ile ya "marafiki na familia" ulinzi hamna, na wauzaji wengi binafsi huku wanaiomba hiyo makusudi.

Pili, muuzaji angekuwa duka mngekuwa na siku 14 za kurudisha kitu mlichonunua mtandaoni bila hata kutoa sababu. Mtu binafsi hana wajibu huo, na karibu wote wanaandika mwishoni mwa tangazo kwamba hawatoi dhamana wala hawapokei kurudishiwa. Watu wanasoma mstari ule wanakata tamaa. Msikate tamaa. Mstari ule unamkinga na yale ambayo hakuyasema. Kama aliandika kwa mkono wake kwamba inalia yote na tuni iko sawa, hiyo ni ahadi, na kwa sheria ya huku hawezi kuahidi kitu juu halafu akajitoa chini. Dada apige picha ya skrini ya lile tangazo LEO, kabla halijafutwa.

BintiMlandege
Alilipa kwa PayPal ya manunuzi alhamdulillah, mwezi mmoja na nusu nyuma. Tangazo limeshafutwa lakini mie nlikuwa nimelipiga picha siku ile ya kuwaonesha wenzangu, na maneno yote yamo. Jaribio la mzee tumelifanya, mtoto wa jirani karikodi. Imeshuka kama ndoo kisimani.

MamaKanuni
Afadhali umeweka picha mwanangu. Sasa mie nizungumze hesabu maana naona watu wanasema rudisha rudisha. Akodioni na kasha lake hiyo si chini ya kilo 12. Kuirudisha kwa ndege kama kifurushi ni pesa nyingi, na hata madai yakikubaliwa mara nyingi anaerudisha ndo anaelipia usafiri. Umpate mtu anaesafiri mwenye nafasi ya mzigo, umsubiri, ikipotea njiani umepoteza vyote viwili. Dada angeikagua kule kule Hamburg kurudisha kungekuwa ndo jibu. Kutokea Unguja sioni.

Na kibodi, samahani mwanangu wa 255, kwa muziki mwengine sikatai. Lakini taarab ya kukaa, yenye fidla na kanuni na udi, akodioni inavuta pumzi pamoja na mwimbaji. Anapokata sauti yule mama, mvukuto unakata nae. Kibodi inabonyezwa tu. Na umeme ukikatika katikati ya harusi nyie kina mama mtafanya nini, mtaimba na dumbaki?

kibodi255
Nimekuelewa mama, la umeme hilo sina jibu. Ila kuhusu fundi bado nauliza, yupo wa kuaminika huko? Kuna jamaa yangu aliulizia Ulaya kubadilishiwa nta yote, akatajiwa bei inayozidi akodioni yenyewe mara mbili.

Pwani_Tanga
Kule inazidi kwa sababu unalipia saa za mtu, vifaa vyenyewe si ghali. Mimi nimeifanya kazi hii kwa akodioni mbili, ya kwangu na ya mjomba, na sikusomea popote, nilikaa na mzee mmoja miezi minne nikimshikia taa. Nta ya nyuki ya Tabora inapatikana, rosini ni ile ile wanayopaka wapiga fidla kwenye upinde, kidogo tu ili nta isiwe laini sana kwa joto letu. Unayeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, ukiiunguza inakuwa kahawia haishiki tena. Unang'oa vibati kimoja kimoja, unaandika namba kwa penseli nyuma ya kila kimoja, usijidanganye utakumbuka mimi nilichanganya sol na la nikatafuta kosa siku mbili, unakwangua nta ya zamani yote mpaka mbao iwe safi, ndo unaweka mpya. Kutu nyepesi unaiondoa kwa brashi ya nyuzi za kioo taratibu, ukikwangua ncha ya kilimi sauti inapanda, ukikwangua shina inashuka, kwa hiyo ukisafisha ovyo umeshaharibu tuni.

Kitu kigumu ni zile ngozi. Zinatakiwa nyembamba na laini, mimi nilipewa na mtu wa Mombasa. Na mvukuto kama unavuja pembeni pengine ni ule ukanda wa kuzibia pale mvukuto unapokutana na mbao, huo rahisi. Ikiwa ni kona za mvukuto zimepasuka, hapo kazi ipo.

Mi ningechagua njia yako ya pili, lakini si kwa pesa kiduchu. Mdai nusu kwenda juu.

fidla_mzee
Nakubaliana na Pwani. Na wakati wa kutuni kumbuka nyingi za Ulaya zimetuniwa noti ya la kwenye mitetemo 442 kwa sekunde, sisi tunapiga 440. Fidla na kanuni zinaweza kuifuata, lakini amueni mapema ili msije mkawa kila mmoja na la yake.

Mswahili_Berlin
Ukidai nusu usiandike kwa hasira. Dada aandike kwa Kijerumani, maneno machache, sentensi ya tangazo kisha video, sentensi nyingine kisha picha. Ampe siku 10 za kujibu. Asipojibu afungue madai PayPal, na madai yakishafunguliwa asikubali kuyafunga eti kwa sababu muuzaji ameahidi kulipa kesho, maana yakifungwa hayafunguki tena.

BintiMlandege
Narudi na habari. Dada aliandika kama mlivyosema. Siku mbili kimya, halafu muuzaji akajibu kuwa ilikuwa ya marehemu baba yake, ilikaa ghorofa ya chini ya ardhi tokea afariki, na yeye hajui kupiga, alibonyeza mbili tatu zikalia akaona zima. Nimemwamini, na nimemsikitikia pia. Lakini aliandika kitu asichokijua na sisi tumelipa. Alitoa euro 100, dada akakataa kwa adabu akarudisha ile video ya kuning'inia, tumekubaliana 190 na zishaingia.

Bi mkubwa alisema kitu kimoja tu alipopata habari, "basi tumuombee huyo mzee wake, tuitengeneze." Wenzangu wote wamekubali, kibodi hakuna tena alieitaja. Harusi ya mwanzo tutaazima akodioni ya kundi jengine, nshazungumza nao.

Jana tumefungua. Vibati vitatu vilikuwa vimelala chini ya kasha la sauti, vizima, vimefunikwa vumbi la nta. Kile kitambaa cha sufu kina matobo kweli kama alivyosema mzee. Kona za mvukuto nzima, linalovuja ni ule ukanda wa pembeni. Pwani_Tanga, kaka yangu, zile ngozi ulizopata Mombasa unene wake ulikuwa kiasi gani, na zile za vilimi vikubwa vya besi ulitumia hizo hizo au nzito zaidi? Nna mtu anavuka na boti Alhamisi.